Kazi Ndiyo Pointi: Mbinu za Raga ya Kimataifa na Kuongoza Timu ya Fantasi

Fainali ya Kombe la Dunia la raga ya tarehe 28 Oktoba 2023, katika uwanja wa Stade de France, iliisha Afrika Kusini wakiwa na alama 12 na New Zealand 11. Trai ilipatikana moja tu, na mfungaji wake, Beauden Barrett, aliondoka na medali ya fedha. Alama zote za Afrika Kusini zilitokana na penalti 4 za Handré Pollard. Mchezaji bora wa mechi hakuwa Pollard wala Barrett. Alikuwa Pieter-Steph du Toit, flanka aliyekaba mara 28 katika dakika 80. Kila baada ya dakika tatu hivi aliangusha mtu, akainuka, akaenda kumtafuta mwingine.

Mechi hiyo ikipimwa kwa mizani ya kawaida ya fantasi ya raga, pointi 1 kwa kila kukaba na 10 kwa trai ya beki, du Toit anajikusanyia 28 hata kabla ya kuongezewa zawadi ya mchezaji bora. Barrett anapata 10 za trai na nyingine chache za mita alizokimbia na walinzi waliomkosa. Aliyemchagua Barrett kwa sababu ni jina kubwa linalofunga trai hakukosea kuhusu trai. Alikosea kuhusu mahali kazi ilipokuwa. Afrika Kusini walikwenda katika fainali hiyo wakiwa tayari kucheza muda mrefu bila mpira, na timu isiyo na mpira hukaba.

Fantasi ni mchezo juu ya mchezo. Mshiriki hupewa bajeti ya kubuni, hununua wachezaji halisi, na wanachokifanya uwanjani Jumamosi hugeuka kuwa pointi zake. Wengi katika Afrika Mashariki waliingia humo kupitia soka la Ligi Kuu ya Uingereza, na tabia za soka ndizo zinazowaponza wakihamia raga. Katika soka goli ni adimu, na anayelifunga hubeba karibu thamani yote ya mechi. Katika raga matukio yanayohesabiwa ni mamia kwa mechi moja: kukaba, kubeba mpira, kumpita mlinzi, kuiba mpira chini, kushinda skramu, yaani msukumano wa mafowadi waliofungamana. Matukio hayo hayasambai ovyo. Mbinu ya kocha ndiyo inayompa huyu kazi ya kubeba mara 15 na yule kazi ya kusimama pembeni dakika 60 akingoja pasi moja. Ndiyo sababu swali la mbinu na swali la kikosi cha fantasi ni swali moja.

Timu ina watu 15. Mafowadi ni 8, namba 1 hadi 8: mapropu wawili na huka katikati yao, maloki wawili, maflanka wawili na namba nane. Mabeki ni 7, kuanzia namba tisa anayetoa mpira kwenye raki, yaani rundo la wanaougombea ukiwa chini, hadi fulubeki wa namba 15. Msomaji wa soka aangalie hapo: beki wa raga si mlinzi bali ni yule mwepesi wa nyuma, na fowadi si mshambuliaji bali ni mzito wa mbele, mtu wa kusukuma na kugombea mpira. Trai, yaani kuuweka mpira chini nyuma ya mstari wa mpinzani, huleta alama 5, mkwaju wa nyongeza 2, penalti 3 na dropu 3. Benchi lina watu 8, na aliyetolewa kwa sababu za kimbinu harudi, isipokuwa katika mazingira machache kama jeraha la damu au kuziba nafasi ya mstari wa mbele.

Raga ya klabu huvumilia majaribio, lakini ya kimataifa ina woga wa aina yake. Kosa moja ndani ya mita 22 zako hugeuka penalti, na kwa mpigaji mzuri penalti ni alama 3. Kwa hiyo timu nyingi huupiga mpira mbali kabla ya kukosea. Mkwaju unaoonekana zaidi ni ule wa namba tisa kutoka nyuma ya raki. Mafowadi wawili au watatu hujipanga mmoja nyuma ya mwingine, wameinama kama mabehewa, ili adui asimfikie mpigaji. Namba tisa huuvuta mpira taratibu kwa unyayo hadi behewa la mwisho, refa anapiga kelele autumie, naye anauchukua na kuupiga juu kabisa. Lengo si umbali. Lengo ni mpira ukae hewani muda wa kutosha ili winga akimbie na kufika chini yake sawa na mpinzani. Mashabiki wengi huuchukia mkwaju huu, na malalamiko yao yana haki yake, lakini kocha anauona kama njia ya kugombea mpira mita 25 mbele badala ya kuupoteza mita 10 nyuma.

Sheria zimekuwa zikiisukuma mbinu hii huku na huku. Mwaka 2021 World Rugby ilileta kwa majaribio kanuni ya 50:22, wazo lililotoka katika raga ya ligi (rugby league), na mwaka uliofuata ikawa ya kudumu. Timu inayopiga mpira kutoka nusu yake, ukadunda uwanjani na kutoka nje ndani ya mita 22 za mpinzani, hupewa yenyewe haki ya kurusha katika lainiauti, yaani mrusho wa kurudisha mpira uliotoka nje. Ilikusudiwa kuwalazimisha walinzi wawili au watatu warudi nyuma na kuacha nafasi mbele. Katika fantasi, kanuni hiyo iliwapa namba kumi na fulubeki wenye mguu mrefu chanzo kipya cha pointi.

Katika mechi ya Scotland na Ufaransa ya Februari 2024, watazamaji waliona timu mbili zikirushiana mikwaju mirefu huku wachezaji wengi wakisimama wima katikati ya uwanja, maana mwanya wa kisheria uliwaruhusu kungoja mahali walipo bila kurudi nyuma ya mpigaji. Mwanya huo ulizibwa Julai 2024. Kisha, kuanzia mechi za Novemba mwaka huo, marefa waliagizwa kuwaadhibu wachezaji wanaojipanga kama ukuta kumkinga mwenzao anayesubiri mpira wa juu. Badiliko hilo la mwisho linaonekana dogo kwenye karatasi, lakini uwanjani lilikuwa kubwa: mpira wa juu ukawa wa kugombewa kweli, na winga mwenye kimo na mikono mizuri akapanda bei. Katika mashindano ya Mataifa Sita ya 2025 Tommy Freeman wa Uingereza, mtu anayejiamini sana hewani, alifunga trai katika kila moja ya raundi 5. Aliyesoma agizo la Novemba alikuwa na sababu ya kumnunua mapema.

Mipira iliyokufa ndipo mafowadi wanapopatia riziki yao. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2019 mjini Yokohama, kati ya Afrika Kusini na Uingereza, ni somo lake. Dakika ya tatu Kyle Sinckler, propu wa kulia wa Uingereza, aligongwa kichwani na kutolewa. Dan Cole aliingia na kulazimika kucheza karibu mechi nzima dhidi ya Tendai Mtawarira, propu wa Afrika Kusini mzaliwa wa Zimbabwe aliyejulikana kama Beast. Skramu ya Uingereza ilianza kuinuka na kuvunjika, penalti zikafuatana, na Pollard akazigeuza kuwa alama. Ilipoisha ilikuwa 32 kwa 12, na Pollard peke yake alikuwa na 22. Mawinga Makazole Mapimpi na Cheshlin Kolbe walifunga trai mbili za kupendeza katika dakika za mwisho, lakini mechi ilikuwa imeamuliwa zamani na watu wenye shingo nene. Katika fantasi, propu anayeshinda skramu hapati nyingi. Anayevuna jasho lake ni mpigaji wa penalti. Ukiona skramu moja imeizidi nyingine waziwazi, nunua mguu.

Moli ya lainiauti ni jambo jingine, na hapa huka ndiye anayekula uhondo. Timu hupata penalti, huupiga mpira nje mita 5 kutoka mstari wa trai, na huka huurusha. Loki anainuliwa, anaudaka, anashuka, wenzake wanamzunguka na kufungamana. Huka aliyekuwa nje akirusha anakimbia na kujibandika mkiani, na mpira unapitishwa mkono kwa mkono hadi kwake. Gari zima linaanza kutembea. Kazi yake sasa ni kushika, kuinamisha kichwa na kujitupa chini mstari unapofika. Ndiyo maana mahuka, ambao zamani walisifiwa kwa kurusha na kusukuma tu, leo hukaa katika orodha za wafungaji bora. Dan Sheehan wa Ireland alifunga trai 3 mjini Roma tarehe 15 Machi 2025, Ireland waliposhinda Italia 22 kwa 17. Michezo mingi ya fantasi huilipa trai ya fowadi zaidi ya ile ya beki, kwa hiyo huka wa timu yenye moli nzuri ni bidhaa ambayo mara nyingi bei yake haijafikia thamani yake.

Lakini moli ipo tu ikiwa nahodha ameamua kwenda kona. Anaweza kuelekeza kidole kwenye nguzo na kuchukua alama 3. Uamuzi huu hugawa pointi za fantasi kati ya mpigaji na huka, na kila timu ina mwelekeo wake. Kombe la Dunia la 2015 lilitoa mifano miwili ndani ya wiki moja. Tarehe 19 Septemba mjini Brighton, Japani walikuwa nyuma 29 kwa 32 dhidi ya Afrika Kusini wakapewa penalti mwishoni. Sare ilikuwa mguuni, wakachagua skramu, na Karne Hesketh akafunga kwenye kona: 34 kwa 32. Wiki moja baadaye Twickenham, Uingereza walikuwa nyuma ya Wales kwa alama 3, wakapata penalti ya pembeni na kuiacha sare ili waende lainiauti. Waliswagwa nje ya uwanja na kupoteza 25 kwa 28. Uamuzi ulikuwa ule ule, na matokeo yakawa mbingu na ardhi. Wakati wa kupanga kikosi chake, meneja wa fantasi hana haja ya kujua nani alikuwa sahihi. Anachotaka ni kujua nahodha fulani huelekeza kidole wapi mvua ikinyesha, mechi ikiwa imebana na mpigaji akiwa anayumba.

Hakuna sehemu ya mbinu iliyobadilika haraka kama benchi. Desturi ilikuwa mafowadi 5 na mabeki 3. Mwaka 2019 Afrika Kusini walifika fainali wakitumia 6 kwa 2: mstari wa mbele mzima ukiingia mapema kipindi cha pili, ukiwa mpya, dhidi ya watu waliokwisha kuchoka. Mwaka 2023 wakaenda mbali zaidi. Tarehe 25 Agosti, Twickenham, fulubeki Willie le Roux alijiondoa benchini dakika za mwisho, na nafasi yake ikachukuliwa na fowadi, Kwagga Smith. Likawa benchi la 7 kwa 1, na New Zealand wakala kichapo cha 35 kwa 7. Mwezi uliofuata walilipanga tena kwa makusudi dhidi ya Ireland wakapoteza 8 kwa 13, siku ambayo kasoro kubwa ilikuwa mikwaju ya golini iliyopotea. Kwenye fainali wakalirudia.

Hatari yake ilionekana siku hiyo hiyo ya fainali. Bongi Mbonambi, huka wa kwanza, aliumia goti dakika za mwanzo kabisa. Malcolm Marx, huka mwenzake, alikuwa ameumia mapema katika mashindano, na kocha badala ya kumwita huka mwingine alimwita Pollard mpiga mikwaju. Deon Fourie, ambaye kwa wakati huo alichezeshwa zaidi kama flanka, ilibidi arushe lainiauti karibu mechi nzima, na lainiauti ya Afrika Kusini ikateseka. Walishinda kwa alama 1, na alama zao zote zilipatikana kwa mguu wa mtu aliyekuja kuziba pengo la huka. Ni vigumu kusema hapo kwamba kocha alibahatisha au aliona mbali. Pengine yote mawili.

Ufaransa waliichukua mbinu hiyo ya benchi la 7 kwa 1 mwaka 2025, kwanza dhidi ya Italia mjini Roma na kisha Dublin tarehe 8 Machi. Huko Dublin, kipindi cha kwanza, Antoine Dupont aliumia goti na Maxime Lucu, beki pekee benchini, akaingia. Kisha senta Pierre-Louis Barassi naye akatoka. Hakukuwa na beki mwingine. Oscar Jegou, flanka, akapelekwa kucheza senta, na akafunga trai. Ufaransa walishinda 42 kwa 27. Kitabu cha fantasi kilisomeka hivi: trai ya fowadi, iliyofungwa na mtu wa akiba, aliyekuwa akicheza katika nafasi ya beki. Anayecheza fantasi hukutana na bahati kama hiyo mara chache sana, ila kilichoiwezesha hakikuwa bahati. Wafaransa walikuwa wamewachagua maflanka wepesi wanaoweza kukimbia nje. Afrika Kusini nao wamefuata njia hiyo kutoka upande wa pili, wakimfundisha senta André Esterhuizen kucheza flanka. Mchezo wa fantasi unapomwandikisha mtu wa aina hii katika nafasi moja huku kocha akimtumia katika nyingine, hapo pana faida ya kuchumwa.

Ulinzi wenyewe hauna mvuto kwa mtazamaji wa kawaida, lakini ndio shamba la pointi. Mfumo ambao kocha Jacques Nienaber aliujenga Afrika Kusini huwatuma walinzi mbele kwa kasi, wa nje wakitangulia na kukunja ndani, ili mpira usifike pembeni. Maflanka na masenta hukaba mno, na mawinga wa wapinzani hukauka. Dawa yake ni mkwaju mfupi juu ya vichwa vyao au pasi ya mguu kuvuka uwanja, na namba kumi mwenye jicho la kuliona hilo hupata pasi za trai. Kwenye raki nako kuna wizi halali: anayefika wa kwanza, akiwa amesimama kwa miguu yake, anaweza kuinama na kuung'oa mpira. Wizi mmoja hulipa mara kadhaa ya kukaba kumoja. Ndipo thamani ya namba saba asiye na jina inapotoka.

Italia waliwahi kuupindua utaratibu wote huu. Februari 2017, Twickenham, chini ya kocha Conor O'Shea, walikataa kuunda raki. Waliangusha mtu, wakamwachia, na bila raki hakuna mstari wa kuotea, kwa hiyo walizunguka na kusimama kati ya namba tisa wa Uingereza na wenzake. Waingereza walichanganyikiwa hadi kumwuliza refa Romain Poite wafanye nini, naye akawajibu kwamba yeye si kocha wao. Italia walikwenda mapumziko wakiongoza 10 kwa 5. Mechi iliisha 36 kwa 15 upande wa Uingereza, sheria ikabadilishwa, na mbinu hiyo ikafia hapo. Kwa siku moja, hata hivyo, hesabu zote za nani ataiba mpira kwenye raki zilikuwa bure.

Upande wa kushambulia, jambo la kuangalia ni jinsi mafowadi wanavyosambazwa. Timu nyingi huwapanga mmoja pembeni, watatu, watatu, na mmoja pembeni ya pili. Wale wa katikati hugonga ukuta: wanabeba mara nyingi, mita chache, hawafungi. Wale wawili wa pembeni hukutana na mawinga na masenta wadogo kuliko wao, na mita zao, walinzi wanaowapita na trai zao huwa za kibeki. Maflanka wawili wa bei moja wanaweza kuwa bidhaa mbili tofauti kabisa kwa sababu ya mahali wanaposimama. Jambo hili halisomeki katika jedwali lolote la bei. Linaonekana kwa kutazama mechi, au hata nusu yake, jicho likimfuata mtu badala ya mpira.

Mchezo rasmi wa fantasi wa Mataifa Sita, kwa matoleo ya miaka ya karibuni, una masharti yanayolingana na haya yote. Kikosi ni watu 15 kwa nafasi zao, bajeti huhesabiwa kwa nyota, na hairuhusiwi kuchukua zaidi ya 4 kutoka taifa moja. Pointi za nahodha huzidishwa mara 2. Kuna mtu mmoja wa akiba maalumu ambaye pointi zake huzidishwa mara 3 akiingia kutoka benchi; akianza mechi, faida hiyo hupotea. Kanuni na viwango hurekebishwa msimu hadi msimu, na asiyevisoma upya kila Januari anacheza mchezo wa mwaka jana.

Sharti la watu 4 ndilo linaloleta fikra. Tarehe 15 Machi 2025 Uingereza waliwapiga Wales 68 kwa 14 mjini Cardiff. Kila mtu aliona kichapo kikija, maana Wales walikuwa hawajashinda mechi ya kimataifa kwa muda mrefu, lakini hakuna aliyeweza kujaza kikosi Waingereza. Swali likawa ni Waingereza wapi wanne, na wanaobaki watoke wapi. Jibu la wengi ni kukimbilia timu za pili kwa nguvu. Jibu bora mara nyingi ni kwenda kwa timu inayopigwa. Timu inayokaa bila mpira muda mwingi hukaba usiku na mchana, na flanka wake ni wa bei nafuu kwa sababu tu jezi yake hupoteza. Michele Lamaro, nahodha wa Italia, amejijengea jina kwa kazi hiyo. Winga wa timu inayopigwa, kinyume chake, ni pesa iliyotupwa.

Mpigaji wa golini ni karibu lazima, ila si lazima awe namba kumi. Thomas Ramos wa Ufaransa hucheza zaidi fulubeki huku akipiga mikwaju, na mwezi huo huo wa Machi 2025 alimpita Frédéric Michalak kuwa mfungaji wa alama nyingi zaidi katika historia ya timu yake ya taifa. Kuwa na mpigaji katika nafasi ya fulubeki humwachia meneja nafasi ya namba kumi kwa mpigaji wa pili. Mawinga wafungaji ni kishawishi kikubwa zaidi, na si kishawishi cha bure: Louis Bielle-Biarrey alifunga trai 8 katika Mataifa Sita ya 2025. Lakini winga wa namna hiyo hupatikana mara moja kwa miaka mingi, na mawinga wengine wengi huishi kwa kupepesuka, 30 wiki hii na 3 wiki ijayo. Unahodha ukabidhiwe kwa mwenye kazi ya kila wiki, flanka au namba nane, isipokuwa winga anakutana na ulinzi uliokwisha kuporomoka.

Mtu wa akiba wa mara 3 ndipo elimu ya benchi inapolipa. Huka wa pili ndiye chaguo la kwanza, kwa sababu mahuka hubadilishwa karibu kila mechi kati ya dakika ya 50 na 60, na anaingia wakati wapinzani wamechoka na moli zinaanza kutembea. Benchi la 6 kwa 2 au 7 kwa 1 humpa flanka wa akiba uhakika wa dakika 25 au zaidi. Beki wa akiba ni kamari, labda mwenzake aumie. Kikosi hutangazwa kwa kawaida siku mbili au tatu kabla ya mechi, na kabla ya hapo kila upangaji ni rasimu tu. Anayefunga kikosi Jumatano ili asisahau hujikuta Jumamosi na mtu mwenye suti jukwaani.

Kadi nazo zimepata hesabu mpya. Tangu Novemba 2024 mechi nyingi za kimataifa hutumia kadi nyekundu ya dakika 20, ambapo aliyefukuzwa harudi lakini timu yake hujaza pengo baada ya muda huo. Kwa kocha, pigo limepungua. Kwa meneja wa fantasi halijapungua hata kidogo, kwa sababu mtu wake ameondoka na pointi zimekatwa, na anayeingia si wake. Wakabaji warefu wanaochelewa kuinama ndio wenye hatari zaidi, na historia yao ya kadi inajulikana.

Kombe la Dunia la 2027 nchini Australia litakuwa na timu 24 badala ya 20, na hapo orodha ya wachezaji wa bei rahisi itarefuka sana. Mojawapo ya timu hizo ilipatikana Kampala. Tarehe 19 Julai 2025, katika uwanja wa Namboole, Zimbabwe waliwashinda Namibia 30 kwa 28 katika fainali ya Kombe la Afrika na kujihakikishia nafasi yao ya kwanza tangu 1991.